Mizani ya Mkono

Ami yangu alipokonywa mkono wa kuume na kiharusi. Mkono wa roboti ninaomuundia nyumbani hautakiwi makubwa: uinue finjani ya kahawa, uiweke mbele yake pasi na kuimwaga.

Washairi wataniafiki nisemapo kwamba kazi nzima ni mizani. Mzigo huzidishwa kwa umbali. Finjani ya gramu 100, iliyo sentimita 30 kutoka begani, hulidai bega kilo-sentimita 3, na uzito wa mkono wenyewe haujahesabiwa. Mota ya sevo ya gramu 9 hutoa takriban 2 tu. Hiyo ni ya vidole. Ile ya gramu 55, yenye gia za chuma, hufikia takriban 9. Hiyo ni ya bega. Kishawishi ni kutia kubwa katika kila kiungo. Lakini mota ya kiwikoni ni mzigo wa bega, sawa na finjani. Basi mota huchaguliwa kuanzia vidoleni kurudi nyuma, kila kiungo kikihesabiwa vyote vilivyo mbele yake.

Ami hakuuliza habari za nguvu. Aliuliza: "Na umeme ukikatika, mwanangu?"

Swali hilo lilinifunza kuliko hesabu zote, kwani sevo ikikosa umeme hulegea. Nyuma ya bega nimefunga machubwi ya mshipi: gramu 300 kwa sentimita 10 kupatana na finjani, na mengine kwa uzito wa mkono. Kiwiko kina lake dogo, nalo limo katika hesabu ya bega. Sasa mota haibebi; huongoza tu.