Kabla Hujanunua Kipozeo cha Maji

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako kuhusu hiyo kompyuta ndogo unayotaka kuiunda, utakayokuwa ukienda nayo kwenye harusi na kuhariria video huko huko. Nimefurahi. Ila umesema umeshaamua kuipoza kwa maji kwa kuwa kesi ni ndogo, na hapo naomba unisikilize kabla hujalipa.

Maji hayamalizi joto. Yanalibeba kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, kama ilivyo kwenye gari, na kulitoa nje ni kazi ya feni. Kwa hiyo usinunue maji, nunua rejeta: ina upana gani, itafungwa wapi, na inavuta hewa ya wapi. Ile uliyonitajia, yenye feni moja ya milimita 120, achana nayo. Mara nyingi haikishindi kipozeo kizuri cha hewa, na juu yake unabeba pampu, kitu kimoja zaidi cha kufa.

Usidanganyike pia na nyuzi joto unazosoma kwenye majaribio ya huko Ulaya na Marekani. Chumba chao hukaa kwenye nyuzi 20 na kidogo. Chako hapo Dar mwezi wa pili mchana kinafika 32, na hakuna rejeta inayoweza kushusha maji chini ya joto la chumba. Zile nyuzi kumi za tofauti zinapanda moja kwa moja hadi kwenye prosesa.

Sasa, anza na prosesa yenyewe. Ryzen 7 7700 ya AMD ina viini 8 na imeandikwa wati 65. Ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta kama 88. Kwa kazi zako inatosha kabisa, na kipozeo kifupi cha hewa kinaimudu. Thermalright AXP90-X47 ina kimo cha milimita 47. Noctua NH-L9a-AM5 ina 37 tu, ila hiyo ni ya kesi zilizobana mno. Na kuna faida ambayo watu huisahau: feni ya kipozeo cha namna hii hupuliza kuelekea chini, upepo ukapita juu ya madabodi, kwenye vile vipande vinavyoilisha prosesa umeme, na mara nyingi kwenye diski ya M.2 pia. Ukifunga maji, feni zinahamia kwenye rejeta na sehemu hizo zinabaki bila upepo. Kwenye kesi pana si neno. Kwenye kesi ndogo utaliona hilo video ikiwa katikati ya kutoka.

Ukiwa na sababu ya kweli ya kutaka prosesa nzito, tuseme Ryzen 9 7900X yenye wati 170, hapo nakubaliana nawe kwamba maji yana kazi. Lakini chukua rejeta ya milimita 240, na kesi iliyochorwa kwa ajili yake tangu mwanzo. DAN A4-H2O inayotengenezwa na Lian Li ni ya aina hiyo: ni kama lita 11 tu, na nafasi ya rejeta iko juu. Pima unene, usipime urefu peke yake. Rejeta ya kawaida ni milimita 27 na feni ni 25, jumla 52, na bado hujahesabu mipira ya maji, ambayo ni migumu na haikubali kukunjwa ghafla. Ikiegemea feni, itakwaruzwa kila siku.

Jambo ambalo sitaki ulichukulie wepesi ni mahali pa pampu. Ndani ya kila kipozeo cha maji kuna hewa kidogo, na miaka inavyokwenda huongezeka, maana maji hupenya polepole kwenye kuta za mipira. Hewa hiyo hupanda mahali pa juu kabisa. Rejeta ikiwa juu, itakusanyika humo bila madhara. Ukifunga rejeta chini, pampu ndiyo inayokuwa juu. Utasikia maji yakibubujika, na pampu inayozunguka kwenye hewa haidumu.

Chumvi ya pwani unaijua. Mapezi ya rejeta nyingi ni ya alumini, membamba, na vumbi likichanganyika na unyevu wetu hugeuka utando unaoziba nafasi zote. Fungua kila baada ya miezi michache upitishe brashi laini, ukifuata mapezi yalivyolala.

Ushauri wangu basi ni 7700 na kipozeo cha hewa, na pesa itakayobaki uongeze memori. Ukiona bado unataka ile nzito, nitumie kwanza picha ya kesi ikiwa wazi upande wa juu, rula ikiwa imewekwa kando, kisha nipigie tuongee.

Mjomba wako