Mfarishi wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa pwani niliyeolewa bara. Kwetu Malindi baridi twaisikia kwa jina tu, na mfarishi ni pambo la kitanda. Lakini hapa Limuru, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari, ufikapo mwezi wa Julai mfarishi ni kinga ya mwili. Nataka kuwasimulia wasomaji jinsi nilivyojifunza tofauti hiyo, na jinsi nilivyoaibika kabla ya kujifunza.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimshonea mama mkwe mfarishi. Juu niliunga viraka vya kanga, chini nikatia bitana ya marekani, na katikati nikajaza sufi niliyoletewa kutoka kwetu. Majirani wakausifu, nami nikavimba kichwa. Kumbe mwishoni nilikuwa nimefanya haraka. Mistari ya kushikiza niliiacha mbali mbali, zaidi ya shibiri moja, na ukingoni nilikunja bitana mbele nikaishona mara moja, basi.

Usiku mmoja wa Julai mwaka uliofuata nilimpelekea maziwa ya moto chumbani mwake. Nikamkuta amejifunika koti la marehemu mumewe, na mfarishi wangu umekunjwa vizuri miguuni. Nilipoushika nikafahamu. Tangu ulipofuliwa, sufi yote ilikuwa imekusanyika madonge pembeni, katikati zikabaki nguo mbili tupu. Na ukingo ulikuwa umechanika.

Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Mwanangu, uliushona kwa mapenzi. Ningekuambiaje?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Mama yule alikuwa ametetemeka usiku baada ya usiku ili mimi nisione haya.

Asubuhi tukaufumua pamoja. La kwanza lilikuwa kuchagua kitu cha kutia katikati. Sufi ni nyepesi na hailowi upesi, ndiyo sababu zamani ilijazwa katika maboya ya kuvaa baharini. Lakini nyuzi zake zateleza, hazishikamani, nayo yafaa mito isiyofuliwa. Pamba iliyotolewa mbegu na kutandazwa sawasawa yafulika, ila yataka mistari iwe karibu, inchi mbili hivi. Sufu ya kondoo hutunza joto hata ikipata unyevu, lakini ukiisugua katika maji ya moto hurudi ikawa ngumu. Nyuzi za poliesta, zilizobuniwa Uingereza mwaka 1941, hukauka upesi, na zikiwa zimeshikamanishwa kiwandani mistari yaweza kuachana hata inchi nne. Lakini hazinywi jasho. Na asiye na fedha ana blanketi kuukuu, ambalo halihami mahali pake. Sisi tulichagua blanketi la sufu lililokwisha kufuliwa miaka mingi, maana lilikuwa limerudi kadiri ya kurudi kwake. Tukatandaza bitana, blanketi, na viraka juu, tukapiga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni ili mikunjo itoke nje, kisha tukashona mistari kila baada ya inchi tatu.

La pili lilikuwa pindo. Mama akaleta kiondo chake cha zamani, akanionyesha mdomo wake. Akasema, "Kiondo huanza kufa hapa, maana ndipo mikono ishikapo." Nikaona kwamba na mfarishi ni vivyo hivyo. Basi tukakata utepe wa upana wa inchi mbili na nusu, vipande tukaviunga kwa mshono wa hanamu ili unene usikutane mahali pamoja, tukaukunja mara mbili. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80 una mzunguko wa inchi 280. Nasi tuliongeza inchi 12 za pembe na maungio. Tulishona kingo mbichi za utepe upande wa mbele, kisha tukaupindua nyuma na kuumalizia kwa mkono. Kwenye pembe usikate utepe: simama robo inchi kabla ya mwisho, uukunje kwenda juu, uurudishe chini sawa na ukingo wa pili, ndipo uendelee. Ukingo ukiwa wa mviringo, utepe wenyewe hauna budi kukatwa hanamu ili unyumbuke. Ulionyoka hauhitaji hayo. Kazi hii ni ndefu kuliko kukunja bitana, lakini pindo likichakaa waweza kulifumua na kutia jingine, mfarishi ukabaki mzima.

Pindo lile tumekwisha kulibadili mara moja. Koti la baba mkwe sasa latundikwa msumarini. Nami nashukuru kwa jambo moja zaidi: tangu siku ile, mama mkwe akiona kosa katika kazi yangu huniambia siku iyo hiyo.