Misali Chini ya Maji: Lenzi Ipi, Kasha Lipi?

Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Pemba, na hufikiwa kwa mashua kutoka Wesha, karibu na Chake Chake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kuswalia. Walipokosa, akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea Kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Tangu mwaka 1998 kisiwa na miamba yake ya matumbawe viko chini ya hifadhi, na mafunzo ya dini yetu yametumika kuwakumbusha wavuvi kwamba bahari ni amana.

Hata hivyo, wengi wetu tunaokula samaki wa Misali hatujapata kuona wanakoishi. Mama anamjua chewa akiwa chunguni. Mtoto wa madrasa anamjua kangaja akiwa kapuni. Kwa hiyo kamati yetu ya msikiti iliazimia kupiga picha chini ya maji na kuzitundika madrasa. Muumini mmoja alitoa kamera yake ya DSLR, na wengine wakachanga fedha za lenzi na kasha la kuzuia maji. Fedha za waumini si za kubahatisha, ndipo tukajifunza kwanza kabla ya kununua.

Maji hunyang'anya rangi. Nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Katika kina cha mita 10, tumbawe jekundu huonekana la kijivu, na kila kitu huvaa buluu. Tena maji yana chembechembe zinazoelea, ambazo huifanya picha ya mbali ionekane kama imepigwa katika ukungu. Dawa yake ni kusogea: kitu kinachopigwa kiwe ndani ya mita moja, na taa mbili za mmweko zitanuliwe kushoto na kulia, zisizimulike chembechembe zilizo mbele ya lenzi.

Kwa sababu hiyo, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali haifai kitu baharini. Zinabaki aina mbili. Ya kwanza ni lenzi pana, hasa ile iitwayo jicho la samaki, mfano Tokina ya milimita 10 hadi 17 kwa kamera zenye sensa ndogo. Mpiga picha huweza kuukaribia mwamba na bado akauchukua wote, pamoja na mwanga wa jua juu yake. Ya pili ni makro, ya milimita 60 au 100, kwa viumbe wadogo kama kaa na kamba. Nayo hustahimili hata maji yaliyovurugika, kwa kuwa hupiga kwa karibu mno. Sisi tulichagua lenzi pana. Makro ingetuonesha uzuri wa kiumbe mmoja, nasi tulitaka jamii ione mtaa mzima.

Lenzi pana haipatani na kioo bapa. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, hivyo kioo bapa huupunguza upana wa lenzi na kuziharibu pembe za picha. Mbele ya kasha huwekwa kioo cha mviringo, mfano wa kuba la msikiti, nacho huirudishia lenzi upana wake. Kuba dogo hurahisisha kusogea. Kuba kubwa hufaa kwa picha ya nusu maji na nusu anga. Kwa makro, kioo bapa chatosha.

Kasha huundwa kwa ajili ya modeli maalumu ya kamera, na bei yake aghalabu huizidi bei ya kamera. Makasha ya plastiki ngumu, kama ya Ikelite, kwa kawaida ni nafuu kuliko ya alumini, kama ya Nauticam. Kwa miamba ya mita 10 hadi 15 tulitosheka na plastiki. Kununua zaidi ya haja kwa michango ya watu ni israfu.

Usalama wa vyote hivyo umo katika pete ya mpira inayouziba mlango wa kasha. Unywele mmoja au punje ya mchanga hutosha kuyafungulia maji njia. Tulilizamisha kwanza kasha tupu lenye karatasi laini ndani. Lilipotolewa, karatasi ilikuwa na doa la unyevu, na juu ya pete palikuwa na uzi mwembamba wa nguo. Pete ikafutwa, ikapakwa grisi kidogo, kasha likazamishwa tena, karatasi ikatoka kavu. Ndipo kamera ikaingia. Kila baada ya safari, kasha hulowekwa katika maji yasiyo na chumvi.

Liko sharti jingine lisilouzwa dukani. Lenzi ya kusogea humjaribu mpigaji ausogelee mwamba kupita kiasi, na teke moja huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Tulimwagiza mzamiaji wetu kwamba picha isiyopatikana bila kuushika mwamba, iachwe.

Picha 12 sasa ziko ukutani. Mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, alizitazama kwa utulivu kisha akauliza, "Wanangu, upande gani huu?" Tukamjibu kuwa ni pale pasipovuliwa. Akasema, "Kumbe ndiko wanakotoka hawa tunaowavua."

Wabillahi tawfiq.