Meno Yaliyoitwa ya Popo

Sisi wa Shasha twamjua popo kwa mabawa yake. Jua likichwa twamwona akiruka juu ya migomba, wala hatuna shaka naye. Lakini popo akifa, mifupa yake ni myembamba mno, upesi huvunjika na kupotea. Mara nyingi hubaki meno, maana jino ni gumu kupita mfupa. Basi wataalamu wanaotafuta popo wa kale waliokwisha kutoweka hulazimika kuwatambua kwa meno. Popo mla wadudu ana magego yenye makali ya kukatakata. Mla matunda ana magego laini ya kuponda.

Tazameni sasa jambo hili. Magharibi ya Kenya, katika udongo wa miaka milioni 20 hivi, vilipatikana vipande vichache vya taya la chini. Mwaka 1967 Bwana George Simpson wa Marekani, mtaalamu mkubwa, alisema ni vya mnyama wa jamaa ya komba, akampa jina Propotto leakeyi. Mwaka 1969 Bwana Alan Walker aliyachunguza meno yale, akasema: huyu ni popo mla matunda. Neno hilo likasimama karibu miaka 50.

Ndipo Bwana Gregg Gunnell akaona kwamba meno yale yafanana na ya Plesiopithecus, mnyama wa kale wa Misri. Gunnell alifariki mwaka 2017. Wenzake wakaimaliza kazi, ikatangazwa mwaka 2018. Yaonekana Propotto ni jamaa ya aye-aye, mnyama wa usiku wa Madagaska mwenye meno makubwa ya mbele. Na hili si neno dogo: kama ndivyo, mababu wa aye-aye walikaa kwanza bara Afrika, na huenda walivuka bahari peke yao, si pamoja na walemuri wengine.

Wapenzi wasomaji, vijijini mwetu twamhukumu mtu kwa neno moja tulilosikia, kisha hatutaki kumtazama tena. Vipande vile vya taya vilitunzwa vizuri baada ya kila hukumu, ndiyo sababu mwingine aliweza kuvitazama upya. Naye Gunnell alikuwa bingwa wa popo wa kale, hata popo wa Mahenge, Tanzania, alimwandikia habari mwaka 2003. Hata hivyo ndiye aliyewaondolea popo jamaa mmoja, kwa kuwa meno yalimwonyesha hivyo.