Njeru Wawili Kwa Boma Moja

Siku ya soko Ishiara si siku ya kujaribu vitu. Mimi nilijaribu, nikaaibika mbele ya watu.

Anti yangu hununua ndengu kwa wakulima. Ana stoo mbili, moja karibu na soko, nyingine kule steji. Kompyuta ya stoo ya soko ndiyo inaweka rekodi: nani ameleta kilo ngapi, nani anadai ngapi. Akaniambia, "Wewe si umesomea hizi vitu? Niunganishie hizi stoo, nimechoka kukimbia na daftari kwa jua." Nikafunga antena mbili juu ya mabati, taa za kijani zikawaka. Nikachukua pesa yangu, nikalala poa.

Asubuhi stoo ya steji imejaa. Mzee mmoja alikuwa ameleta magunia mawili juzi, anataka pesa ya karo ya mjukuu. Kompyuta mara inapata rekodi, mara inapoteza. Mzee akaniangalia. "Kijana, kwani jina langu limepotea?" Afadhali angenitukana. Anti akatoa daftari la zamani, akalipa watu kwa kalamu. Hakunisemesha mpaka jioni.

Shida ilikuwa hii. Ruta zote mbili zilitoka kiwandani na mpangilio mmoja, kila moja inagawa anwani za IP zinazoanza na 192.168.1. Kompyuta ya rekodi ilikuwa 192.168.1.10. Printa ya steji nayo, 192.168.1.10. Kabla nije na antena zangu, hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Huku Mbeere watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, kwa hivyo kila boma linaweza kuwa na Njeru wake. Hakuna noma. Lakini toa ua katikati ya maboma mawili, halafu ita "Njeru!" Wataitika wawili. Kompyuta nayo huita hivyo hivyo: "192.168.1.10 ni nani?" Printa ikijibu kwanza, rekodi za mzee zinatafutwa kwa printa!

Na kurudia anwani si kosa. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, haziwezi kutosha kila kifaa duniani. Ndiyo maana Februari 1996 mwongozo unaoitwa RFC 1918 ulitenga mafungu matatu ya matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa, mradi zibaki ndani. Kosa ni kuunganisha bila kuuliza kwanza mwenzako anatumia gani.

Usiku nilirudi. Stoo ya steji nikaihamisha yote hadi 192.168.20, printa, kompyuta, kila kitu. Halafu nikaambia kila ruta kwamba anwani za mwenzake ziko upande wa antena. Kuna njia nyingine, ya NAT: kila upande unamwona mwenzake kwa anwani ya kubandikwa, ruta inatafsiri pale mpakani. Kampuni kubwa zikiungana, na vifaa ni maelfu, hiyo huokoa. Lakini kwa stoo mbili za ndengu ni kuacha fumbo ambalo ni mimi tu nalijua. Siku iharibike nikiwa Nairobi, anti atauliza nani?

Sisi vijana wa mitambo tunapenda taa ya kijani. Ikiwaka, tunaitisha pesa. Lakini taa inasema tu waya umeshika, haisemi kazi imeisha. Ukifungia mtu mtandao, badilisha ile namba ya kiwandani siku ya kwanza, iandike kwa karatasi, ibandike ukutani. Hata wewe unayeingia mtandao wa ofisi kwa VPN ukiwa nyumbani, kama pande zote ni 192.168.1, kompyuta yako itatafuta seva ya kazini hapo sebuleni kwenu.

Anti bado anaweka daftari kando ya kompyuta. Sijamwambia alitupe.

Ruta ya kwenu inasoma ngapi? Enda uangalie.