Simu ya mama, sehemu ya 6: Ukiona "Allow", usiharakishe

Jamani mama zangu, leo naomba tuongee simu kidogo, na mwisho wake ni dawa, msinikimbie.

Juzi asubuhi alikuja mama kutoka Mbagala na mtoto wa mwaka na miezi miwili, kilo 9. Usiku mtoto alichemka, baba yuko kazini, chupa ya parasetamo ipo ndani. Akaingia mtandaoni atafute kipimo. Ukurasa ukafunguka, kabla hajasoma likashuka tangazo kubwa: pakua programu yetu uendelee kusoma. Anabonyeza ki-X, anapelekwa Play Store. Anarudi, linakuja jingine: simu yako ina virusi, safisha sasa. Bando likakata. Akakisia, akampa kijiko cha chakula, na alfajiri akarudia.

Sasa piga hesabu. Kijiko cha dawa ni mililita 5, cha chakula ni kama 15. Mara tatu! Kwa dawa ya miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 9 anatakiwa kama mililita 5 tu kwa mara moja. Daktari alimwona, tukakaa naye, akatoka salama. Lakini mimi roho ilinidunda.

Nikamwomba simu. Weee! Juu kumejaa: umeshinda zawadi, chukua mkopo dakika tano, betri yako inakufa. Hiyo si virusi. Siku za nyuma tovuti zilimuuliza kama zimtumie taarifa, naye akabonyeza "Allow" ili zimwondokee. Simcheki, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Kwenye Chrome, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ingia Settings, halafu Site settings, halafu Notifications. Utaona majina ya tovuti ulizoziruhusu. Usiyoijua, izuie. Rudi nyuma, angalia Pop-ups and redirects na Intrusive ads, zote ziwe zimezuiwa. Kawaida Chrome inazizuia yenyewe, ila simu zetu hizi zinashikwa na kila mtu, watoto ndio usiseme.

Nisiwadanganye, lile pazia la "pakua programu yetu" mara nyingi limo ndani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo Chrome haliondoi. Mimi nimeweka Firefox, nikaongeza kizuia matangazo kinaitwa uBlock Origin, vyote bure. Mengi yamepotea, na bando linadumu kidogo. Tangazo likikubana, usihangaike na ki-X, vingine ni vya kuchora tu. Funga ukurasa mzima, fungua mwingine. Na ukurasa wa mtandaoni haujui kama simu yako ina virusi, huo ni uongo wa kukutisha.

Hayo ya mikopo ndiyo yananiumiza zaidi. Unapakua, unaruhusu isome majina ya kwenye simu, ukichelewa kulipa wanapigiwa mama mkwe, mwalimu wa mtoto, mpaka fundi cherehani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kausha damu imehamia kwenye simu, jamani.

Usiku ukikwama, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure. Mtoto akidegedeka, akashindwa kunyonya, akatapika kila kitu au akalegea hazinduki vizuri, achana na simu, mbebe mwende kituoni.

Yule mama nilimpa bomba la kupimia dawa lisilo na sindano, nikamwekea alama ya kalamu kwenye mililita 5. Chupa nikaibandika plasta na kuandika: kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Nimemwambia mtoto akiongezeka kilo aje tubadilishe alama. Na wewe ukija kliniki, njoo na chupa yako ya nyumbani, maana zipo za miligramu 120 na zipo za 250, kipimo si kimoja.