Mshindani Asiye na Kitu

Kila uchaguzi ukikaribia husikia watu wakimcheka mtu anayejitokeza kushindana na mbunge aliye kitini. "Anajisumbua bure," husema. "Hana gari, hana fedha, hajulikani. Atamweza wapi yule?" Mimi sichekи pamoja nao. Katika maisha yangu nimewaona kwa karibu wagombea wawili wa namna hiyo. Wote wawili walishindwa. Lakini kushindwa kwa mmoja kulitufaa, na kushindwa kwa mwingine hakukumfaa mtu ye yote.

Wa kwanza alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba kwetu Usukumani, mwaka 1965, nami nikali mtoto. Sharti kwanza nieleze hali ya siku zile. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 viti vya Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 71, na katika viti 58 mgombea wa TANU alipita bila kupingwa. Maana yake, watu wa huko hawakupiga kura hata moja. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Ikaonekana kwamba mwananchi akinyimwa chama cha pili, na mtu wa pili pia, hana tena la kuchagua. Basi TANU ikasimamisha watu wawili jimboni, wananchi waamue.

Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama yake. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani. Hakuna aliyeruhusiwa kufanya mkutano wake peke yake. Wote wawili walisimama mbele ya watu wale wale, wakasema Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini.

Kwetu mbunge alipata nyumba, karani akapata jembe. Mbunge akasema, "Jembe likichoka hulala wapi? Si ndani ya nyumba?" Watu wakacheka. Karani akajibu, "Na msingi wa nyumba huchimbwa kwa nini? Kwa kijiko?" Wakacheka zaidi. Ndipo mzee mmoja akasimama akauliza, bila mzaha, "Mheshimiwa, tangu ulipochaguliwa, hapa kwetu umefika mara ngapi?" Mbunge akanyamaza kidogo. Kisha mzee akamgeukia karani: "Na wewe, ukipata, utarudi?"

Karani alishindwa. Lakini tangu mwaka ule mbunge alifika kijijini kwetu kila msimu wa pamba, akakaa chini ya mwembe, akaulizwa, akajibu. Baba yangu alikuwa akisema, "Huyu asingekuja kama yule hakusimama." Maneno hayo sikuyasahau.

Wala si kwetu tu. Katika uchaguzi ule mawaziri wawili walipoteza viti vyao. Mmoja alikuwa Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, aliyeshindwa huko huko Mwanza, ingawa alikuwa na sifa kubwa ya kuviunganisha vyama vya wakulima wa pamba. Mwalimu Nyerere alimrudisha katika Baraza la Mawaziri, lakini viongozi wote walikuwa wamekwisha kuona kwamba kiti cha mbunge si urithi.

Sisemi mpango ule haukuwa na kasoro. Majina yalichujwa na Halmashauri Kuu ya TANU, na mtu asiyekubaliana na siasa ya chama hakuwa na pa kusimama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mlango huo ulifunguliwa, nami nilifurahi.

Mgombea wa pili ni mpwa wangu, aliyegombea ubunge mwaka 2005. Kijana msomi, mwenye adabu, aliyejua shida za jimbo lake kwa majina. Lakini siku zile ilikuwapo sheria, iliyorekebishwa mwaka 2000, iliyomruhusu mgombea kuwakirimu watu wakati wa kampeni. Ikaitwa takrima. Jina zuri! Nani kati yetu asiyependa kumkirimu mgeni? Ila hapa mgeni ndiye aliyemkirimu mwenyeji, naye alijua anataka nini.

Kila alikokwenda aliulizwa swali moja tu: "Umetuletea nini?" Akauza ng'ombe watatu. Wakaisha. Mwenzake alikuwa na sukari, khanga, fulana na pilau. Nilihudhuria mikutano ya wote wawili, kila mmoja na uwanja wake. Hakuna mzee aliyesimama kuuliza lo lote. Atamwulizaje mtu ambaye bado ana wali wake mkononi? Mpwa wangu alishindwa, na yule aliyeshinda hatukumwona tena mpaka uchaguzi uliofuata. Tungemdai nini? Alikuwa amekwisha kulipa.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ni vizuri. Lakini sheria haikai na sisi usiku mtu anapobisha hodi na mfuko wa sukari. Anayekaa ndani ni baba, mama na watoto wanaotazama mkono wa baba utapokea au utarudisha.

Kwa hiyo, ndugu, mshindani asiye na kitu akifika kijijini kwenu, msimcheke. Mpeni kigoda, msikilizeni. Si lazima mumpe kura. Huenda hafai, na aliye kitini huenda ni bora kuliko yeye. Lakini kule kusimama kwake ndiko kunakomfanya mwingine akumbuke njia ya kuja kwenu. Muulizeni yeye, kisha mwulizeni yule mkubwa swali lile lile, mbele ya watu. Swali ndiyo mali pekee ambayo maskini analo sawa na tajiri siku ya kampeni. Asiliuze kwa kilo moja ya sukari.